MASHINE YA KUKAUSHIA NGUO: USIICHOMEKE KWENYE EKSTENSHENI



Sisi wa Neasden tunajua shida ya baridi. Nguo hazikauki nje, basi tunazianika sebuleni juu ya hita. Unyevu unapanda ukutani, ukungu unaota, na mtoto mwenye pumu anakohoa usiku kucha. Mwisho mtu anaamua kununua mashine ya kukaushia nguo. Uamuzi si mbaya. Hatari iko pale anapoichomeka.

Jikoni soketi zimejaa, hivyo mashine inawekwa kwenye korido na kuvutiwa ekstensheni. Ekstensheni hiyohiyo ina birika la umeme. Tupige hesabu. Umeme wa hapa ni volti 230. Mashine ya wati 2,500 inavuta karibu ampea 11. Birika la wati 3,000 linavuta ampea 13. Jumla ni 24, na ekstensheni imetengenezwa kubeba ampea 13 tu, tena ikiwa imekunjuliwa yote. Msitegemee fyuzi itakatika papo hapo. Inaweza kuvumilia kwa muda huku waya ukipata moto chini ya zulia. Birika huzima baada ya dakika chache, lakini mashine hii inavuta saa nzima au zaidi.

Basi tufanye hivi:

1. Mashine ichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Plagi ya kawaida ya pini tatu, kama zile za Nairobi, inatosha, yenye fyuzi ya ampea 13. Fyuzi ikikatika nunua nyingine, USIFUNGE WAYA.

2. Msifuate video za Marekani. Kule mashine hizi hutumia soketi yake maalumu ya volti 240 na ampea 30. Nyaya zao si kama zetu.

3. Kama soketi haipo, aite fundi umeme aliyesajiliwa. Tangu 2005 sheria za ujenzi za Uingereza zinagusa umeme wa nyumbani, na kuvuta laini mpya kutoka kwenye boksi la fyuzi ni kazi ya kuripotiwa. Atakupa cheti. Rafiki "anayejua umeme kidogo" hana cheti cha kukupa.

4. Mpangaji asitoboe ukuta mwenyewe, amwombe mwenye nyumba. Kwa nyumba za kupanga za watu binafsi, sheria ya 2020 inamtaka mwenye nyumba akaguliwe umeme angalau kila miaka 5 na akupe nakala ya ripoti. Iombe, ni haki yako.

5. Mashine ya mtumba: angalia namba ya modeli kama imerudishwa kiwandani kwa hitilafu. Agosti 2016, mashine mbovu ya kukaushia iliwasha moto kwenye jengo la ghorofa la Shepherd's Court, Shepherd's Bush. Zimamoto zaidi ya 100 waliitwa. Hakuna aliyekufa, lakini familia zilipoteza makazi.

6. Safisha chujio la manyoya kila unapomaliza kukausha. Usiiwashe ukaenda kulala au kutoka.

Dalili za hatari ni plagi kuwa ya moto sana, soketi kubadilika rangi, au harufu ya plastiki kuungua. Ukiziona, zima umeme kwenye boksi kuu kwanza. Mtu akipigwa na umeme usimshike kabla ya kuuzima, kisha piga 999. Aliyeungua apozwe kwa maji baridi ya bomba kwa dakika 20. Msipake siagi wala dawa ya meno.

Pia zimamoto wa London huja nyumbani kukagua usalama wa moto bila malipo. Msiogope kuwaita, hawaulizi habari za viza.

Fundi ana gharama, ni kweli. Lakini tumekuja mbali kutafuta maisha, ndugu zangu. Tusiyapoteze kwa ajili ya soketi moja. Kinga ni bora kuliko tiba.