Umenyanyua pikapu? Usiruke alaimenti
Leo naacha dawa na mbolea, naongelea gari linalobeba mzigo wetu.

Msimu uliopita nilishuka na mkulima mmoja kutoka Shume kwenda Mombo, tumepakia kabichi. Pikapu yake alikuwa ameinyanyua springi ili isigonge mawe kwenye barabara zetu za vumbi. Kufika kona za Soni, usukani haurudi wenyewe, gari linatangatanga, na korongo liko pembeni. Tulipokagua, tairi za mbele zimelika upande mmoja.

Kwa nini? Ukinyanyua gari, tairodi hubadili pembe, tairi haziangalii tena mbele sawasawa. Ile pembe inayorudisha usukani katikati nayo hupungua.

Fanya hivi:

1. Kagua kwanza boljointi, bushi na upepo. Kukiwa na kilicholegea, vipimo vitadanganya.

2. Fundi aanze na pembe ya usukani na mlalo wa tairi. Tairodi arekebishe mwisho.

3. Pima siku ileile ya kunyanyua, urudie springi zikishakaa.

4. Nyumbani, weka alama ya chaki mbele ya tairi zote mbili, kimo cha ekseli. Pima umbali kati yake. Sukuma gari mpaka alama ziwe nyuma, pima tena. Tofauti iwe milimita chache tu, kama kitabu cha gari kinavyosema. Ikizidi, rudi kwa fundi.

Kabichi ikiharibika utapanda nyingine. Roho je?