Imezimwa, imezimika, ao imejizima?

Kompyuta mpya niliyonunua ili kuandika tasnifu ilikuwa ikikata na kuwaka upya bila onyo. Mara mbili nilipoteza kurasa nzima. Nikamwambia fundi: «Papa, imejizima.» Akauliza: «Imejizima, imezimika, ao imezimwa?» Nilidhani ananitania, kumbe ameanza kazi.

Imezimwa: kiambishi -w- chadai mtendaji. Windows ikimaliza kusasishwa, yaweza kuiwasha mashine upya. Lakini hapo hufunga programu kwa utaratibu.

Imejizima: kwa -ji-, mtendaji ndiye mtendwa. Prosesa ikipata joto kupita kiasi, mashine hujizima ili isiungue.

Imezimika: -ik- yaeleza hali tu, mtendaji hatajwi. Umeme umepotea njiani.

Tukalinganisha na dalili. Kompyuta ilikata hata ikiwa baridi, nikiandika tu. Windows ilikuwa imeandika tukio namba 41, maana yake mfumo umewaka upya bila kufungwa vizuri, chanzo haikukitaja. Taa ya chumba haikuzimika hata mara moja, basi kosa halikuwa la umeme wa mtaa.

Tulichomoa waya ukutani, tukafungua kasha. Waya mkubwa unaopeleka umeme kwenye ubao mama haukuwa umeingia hadi mwisho. Fundi akausukuma, ukabana. Wiki tatu sasa, haijakata.

Nilikuwa nimejifunza viambishi hivyo kwa ajili ya mtihani. Siku ile viliokoa sura yangu ya pili.