Chumvi Inapotoa Machozi

Wapendwa wazazi, mwezi huu tujifunze juu ya unyevunyevu ndani ya nyumba. Masika yaliyopita mama mmoja alimleta mtoto mwenye pumu akiwa taabani. Alikuwa ameacha kumpa dawa ya kuvuta, kwa sababu alinunua taa ya chumvi akaambiwa inasafisha hewa.

Taa hiyo haisafishi hewa. Ni jiwe la chumvi lenye balbu ndani. Hewa haipiti ndani yake, kwa hiyo haichuji vumbi, moshi wala kuvu. Kazi yake ni kunyonya maji tu. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, chumvi hulowa na kutoa machozi, kama mnavyoiona chumvi ya mawe jikoni. Hapa Dar es Salaam, alfajiri nyingi za masika hupita kiwango hicho. Joto la balbu hulikausha jiwe, lakini maji yale hurudi chumbani mle mle. Taa ikizimwa, jiwe hulowa tena, na maji ya chumvi yakifika kwenye waya yanaweza kuleta hatari ya kupigwa na umeme. Bakuli la chumvi chini ya kitanda nalo ni hivyo hivyo: likilowa, linawaonyesha tu kwamba chumba kina unyevu mwingi.

Penye unyevu huota kuvu, yale madoa meusi ukutani na nyuma ya kabati. Vijimbegu vyake huruka hewani, na mtoto mwenye pumu akivivuta, njia zake za hewa hubana. Wanaokaa mabondeni, kama Tandale na Mtoni, wawe waangalifu zaidi, kwa maana kuta huvuta maji kutoka ardhini.

Tufanye nini?

1. Fungueni madirisha ya pande mbili mchana jua likiwaka, upepo upite. Madirisha yawe na wavu wa mbu.

2. Msianike nguo mbichi katika chumba cha kulala.

3. Sogezeni kitanda na kabati mbali kidogo na ukuta. Magodoro yatolewe juani.

4. Zibeni paa linalovuja. Kuvu ifutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha pakaushwe. Mwenye pumu asifanye kazi hiyo.

5. Msiingize jiko la mkaa chumbani ili kukausha. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Dawa ya pumu isiachwe bila ushauri wa daktari. Mtoto akipumua kwa shida, mbavu zikibonyea ndani, au akishindwa kunyonya au kusema, mpeni dawa yake ya kuvuta kama mlivyoelekezwa, mkimbizeni hospitali. Msingoje kupambazuke.

Kabla ya kununua taa, tazameni kwanza paa na dirisha. Jua na upepo Mwenyezi Mungu ametupa bure.