Gari Likikataa Kuwaka: Sikiliza Kwanza, Pesa Baadaye



Somo la mara hii lisomwe kwa sauti, na ikiwezekana lisomewe kando ya gari lenyewe, boneti ikiwa wazi. Si somo la dereva peke yake. Mwenyekiti alisikie, mweka hazina alisikie, na yule mama anayepanda nyuma na magunia yake ya maembe alisikie pia. Gari la mwethya likilala, pesa inayotoka ni ya wote.

Kikundi chetu kiko upande wa Mwala. Tuna pikapu ya dizeli, tuliyoinunua kwa michango ya miaka minne. Usiku mmoja tuliamshwa, mke wa jirani ameshikwa na uchungu wa uzazi na anatakiwa afikishwe Machakos mjini. Dereva akazungusha ufunguo. Tak! Akazungusha tena. Tak! Basi, kimya.

"Mama, stata imekufa," dereva akamwambia mweka hazina wetu, aliyekuwa ameshika taa.

"Mwanangu, umejuaje?"

"Si unasikia vile inalia?"

Mama yule alipelekwa kwa gari la mtu mwingine, baada ya saa nzima ya kulitafuta. Alifika salama na mtoto akazaliwa salama, lakini ile saa moja hatujaisahau. Kesho yake fundi alisema vile vile: stata. Tukatoa shilingi elfu kumi na nne kwenye sanduku. Gari likawaka vizuri, tukashangilia. Siku kumi baadaye, tena alfajiri: tak!

Sasa mzee mmoja wa kikundi, aliyeendesha malori zamani, hakusema neno. Alifungua boneti akagusa waya wa betri upande wa hasi. Ulikuwa moto. Akautikisa, ukacheza mkononi kama jino la mtoto. Chini yake palikuwa na unga mweupe uliochanganyika na kijani. Akausafisha, akaukaza kwa spana namba kumi, na gari likawaka.

Kwa nini stata mpya ilifanya kazi siku kumi? Hapo ndipo tulipodanganyika, na ninaomba mpaelewe vizuri. Ili kubadilisha stata ni lazima ufungue waya wa betri. Ukimaliza unaurudisha na kuukaza. Kwa hivyo fundi alitengeneza ugonjwa bila kujua, sisi tukaishukuru stata. Pengine hata ile ya zamani ilikuwa nzima, lakini tulikuwa tumemwachia fundi aende nayo!

Basi tuanze. Swali la kwanza ni moja tu: ukizungusha ufunguo, je, injini inazunguka? Kama haizunguki, acha habari ya mafuta, acha plagi, acha filta. Ugonjwa uko kwenye umeme au kwenye stata. Kama inazunguka kwa nguvu yake ya kawaida lakini haishiki, betri na stata ziache, tafuta kwingine. Watu wengi wanapoteza pesa kwa sababu hawakuuliza swali hili.

Tuchukue ile isiyozunguka. Washa taa kubwa za mbele, mtu mmoja asimame mbele azitazame, mwingine azungushe ufunguo. Taa zikizimika kabisa, shika waya za betri kwanza, ndiyo kesi yetu sisi. Zikififia sana na injini ikajikokota, betri haina nguvu. Zikibaki kali vile vile na hakuna kinachosikika, umeme uko lakini haufiki kwenye stata: angalia fyuzi, na kama ni gari la otomatiki, kama mengi yanayotoka Japani, angalia kama mkono wa gia uko P au N. Usicheke. Watu wameita fundi kutoka Tala kwa sababu gia ilikuwa D. Taa zikibaki kali na bado unasikia tak moja nzito, hapo ndipo unaweza kuanza kuishuku stata yenyewe.

Kama kuna mwanakikundi anayefunga sola, ana mita ya umeme. Mwombe. Betri ya gari iliyojaa na iliyopumzika usiku kucha inaonyesha volti 12.6 hivi. Ikiwa 12.2, imebaki karibu nusu. Chini ya 12, imekwisha. Wakati wa kupiga stata, ikianguka chini ya 9.6 hali ni mbaya. Halafu gari likiwaka, pima tena injini ikiunguruma: lazima isome kati ya 13.8 na 14.5. Isipopanda, altaneta haichaji, na hata ukinunua betri mpya itakufa kama ile ya kwanza.

Tena tuambiane ukweli. Betri nyingi za vikundi hazifi zenyewe, zinauawa. Jumapili ya harambee vipaza sauti vinafungwa hapo tangu saa sita hadi jioni. Usiku vijana wanachaji simu sita. Kesho yake mnasema betri ni ya bandia.

Kusafisha waya za betri hakuhitaji fundi. Zima gari. Fungua waya wa hasi kwanza, halafu wa chanya. Chukua magadi, yale yale ya kupikia muthokoi, koroga kwenye maji ya vuguvugu, sugua kwa mswaki wa zamani mpaka povu liishe. Angalia yasiingie ndani ya betri kupitia vifuniko. Suuza, kausha, rudisha chanya kwanza na hasi mwisho, kaza, paka mafuta ya kujipaka juu. Fuata pia ule waya wa hasi mpaka mahali unapofungwa kwenye bodi, kwani hapo pia huwa na kutu. Na kama betri yenu ni ya kuongeza maji, ongeza maji ya betri peke yake. Maji ya kisima chetu huku, yenye chumvi, ni sumu kwake.

Tahadhari: betri inatoa gesi inayolipuka. Hakuna sigara, hakuna koroboi, hakuna kibiriti cha "hebu nione". Asidi ikimrukia mtu machoni, osha kwa maji mengi papo hapo kwa muda mrefu, kisha zahanati.

Kuazima umeme kwa gari la jirani nako kuna utaratibu wake. Waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Waya mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na mwisho wake kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Kusukuma kunafaa gari la gia za mkono tu, gia ya pili, na asiwepo mtu mbele. Otomatiki mtasukuma mpaka Kangundo bila kuwaka.

Sasa ile inayozunguka lakini haishiki. Kwanza, mafuta yapo? Mshale wa dashibodi unaweza kudanganya, tikisa gari usikilize tangi.

Kwa dizeli, tazama ekzosi wakati injini inazungushwa. Hakuna moshi hata kidogo? Mafuta hayafiki. Mara nyingi ni hewa imeingia kwenye mabomba, hasa kama tangi lilikauka au filta ilibadilishwa juzi. Legeza skrubu ya juu ya filta, piga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe na dizeli safi itoke, kaza. Fungua pia kile kibomba cha chini ya filta umwage maji yaliyojikusanya. Moshi mweupe ukitoka, mafuta yanafika lakini hayachomeki: plagi za kupasha moto zinaweza kuwa zimekufa. Hiyo ndiyo shida ya asubuhi za mwezi wa saba huko vilima vya Mua na Iveti. Subiri taa ya njano ya dashibodi izime kabla ya kupiga stata, usiwe na haraka.

Kwa petroli, mengi ya siku hizi yana pampu ndani ya tangi. Fungua ufunguo bila kupiga stata, weka sikio nyuma. Utasikia mlio mwembamba wa sekunde mbili. Usiposikia, anza na fyuzi ya pampu. Ukisikia harufu kali ya petroli, plagi zimelowa, pumzika dakika kumi na tano. Kama taa ndogo ya ufunguo inawakawaka, gari halijautambua ufunguo, jaribu ule wa pili. Na petroli ya mtungi kando ya barabara muiogope. Uchanganyaji na mafuta ya taa ulikuwa mkubwa mpaka mwaka wa 2018 Serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuukomesha.

Injini ikizunguka haraka na kwa wepesi kuliko kawaida, kana kwamba ndani ni tupu, acha kabisa. Mkanda wa taimingi unaweza kuwa umekatika, na kila unapojaribu tena unaweza kuharibu zaidi. Hapo muite fundi, na msione haya.

Mkimwita, mwambieni mliyoyasikia na mliyoyapima, si "gari imekataa" tu. Mweka hazina aulize, "Fundi, umepimaje?" kabla ya kufungua sanduku. Kifaa cha zamani kirudi kwa kikundi, na siku ya kukibadilisha iandikwe kitabuni.

Kwa mkutano ujao: gari liwe nyutro, breki ya mkono juu. Kila mmoja, pamoja na wazee na akina mama, aliwashe mara moja huku wengine wakisikiliza kimya. Kisha lizimwe, dereva aondoe waya wa hasi wa betri bila kuonekana, na kikundi kitafute.