SOMO: NYAMA YA NGURUWE IIVE VIZURI, LAKINI ISIKAUKE

Mama, wengi wanasema: "Nikipika nguruwe sana, anakauka kama ubao." Basi wanaepua nyama ikiwa ingali nyekundu ndani. Hatari iko hapo.

Nguruwe anayekula mavi ya watu anapata tegu wachanga katika nyama yake. Wanaonekana kama punje nyeupe za mchele. Nyama ya namna hiyo usinunue, hata bei ikiwa chini. Mara nyingine hawaonekani. Kwa hiyo pika vizuri kila mara.

Namna ya kupika:

1. Kata vipande vyenye unene wa kidole. Paka chumvi.

2. Pasha mafuta kidogo juu ya mbabula. Kaanga pande zote mbili mpaka ziwe za kahawia.

3. Tia kitunguu, tomati na nusu kikombe cha maji. Funika, punguza makala, ngoja dakika 20. Mvuke unaivisha ndani, nyama inabaki laini.

4. Pasua kipande kinene karibu na mfupa. Ukiona wekundu, rudisha motoni.

Mtu akila nyama isiyoiva, tegu anakaa tumboni mwake, na mayai yanatoka pamoja na mavi. Mtoto akimeza mayai hayo kwa mikono michafu, wadudu wanaweza kufika ubongoni na kuleta kifafa. Huo si uchawi, mama. Mlete hospitali. Tumia choo, nawa kwa sabuni, funga nguruwe zizini.

Ulizo: Je, mtoto asiyekula nguruwe kamwe anaweza kupata kifafa hiki? Kwa nini?