Mume Wangu Ni Mlevi: Mkutano wa Kumsaidia Uko Wapi?

Tuseme wewe ni mama wa Makina, hapa Kibera. Saa nne usiku mlango unapigwa teke, na watoto wamekwisha kujifunika blanketi hadi kichwani. Asubuhi unampigia simu msimamizi wa kazi na kumwambia, "Baba watoto ameamka na malaria." Malaria hiyo humshika kila baada ya mshahara.

Umemwombea kwa Rozari. Umeficha pesa, umemwaga chang'aa mtaroni, umemwita mjomba wake kutoka nyumbani aje amkanye. Akaapa mbele ya wazee. Juma moja halikuisha. Sasa umesikia kwamba kuna mikutano ya walevi wanaosaidiana kuacha, nawe unauliza iko wapi na utampelekaje.

Kabla ya mkutano, jihadhari na jambo moja. Usimfungie chumbani ili aache kwa nguvu. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka mingi akiacha ghafla anaweza kushikwa na kifafa, kuona mambo yasiyokuwepo, hata kufa. Aonwe kwanza na daktari. Kwa watu wa Kibera, hospitali ya Mbagathi haiko mbali. Wala usiseme utangoja azeeke aache mwenyewe. Novemba 2000, pombe yenye sumu iliua zaidi ya watu 100 huko Mukuru, na wengine wakapofuka. Marehemu wale pia walikuwa na wake waliokuwa wakingoja.

Mikutano inayojulikana zaidi ni ya Alcoholics Anonymous, au AA kwa kifupi. Ilianza mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, pale Bill Wilson, aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, alipokutana na daktari mlevi aitwaye Bob Smith. Waligundua kwamba mlevi asiyemsikiliza mkewe wala padre wake humsikiliza mlevi mwenzake. Hakuna ada, na hakuna anayeulizwa dini, jambo jema kwa mtaa kama Makina ambamo Mkristo na Mwislamu wanagawana ukuta wa mabati. Sharti ni moja: mtu awe na nia ya kuacha. Hutaja jina lake la kwanza tu, na yasemwayo mle hayatolewi nje.

Kuupata mkutano, anza na simu. Namba 1192 ni ya NACADA, shirika la serikali linaloshughulikia ulevi, na haikutozi pesa. Kisha nenda ofisi ya parokia, iwe Kristo Mfalme pale Laini Saba au Mama Yetu wa Guadalupe karibu na Adams. Usiulize mbele ya foleni ya wanaotafuta cheti cha ubatizo. Omba kumwona padre faraghani. Uliza siku, saa, lugha inayotumika, na kama mkutano ni wa wazi au ni wa walevi peke yao, kwa maana kwenye ule wa wazi hata wewe unaweza kuketi. Uliza pia ni mlango upi. Unacheka? Wako wanaofika hadi getini, wakakosa wa kumuuliza, wakarudi zao baa.

Wengine watakushauri asimame katika jumuiya ndogo ndogo akaombewe. Sala ni njema. Lakini jumuiya ni majirani, na si kila jirani anajua kufunga mdomo. Mimi naona heri apande matatu aende mkutano wa mtaa mwingine.

Na akikataa? Wengi hukataa mara ya kwanza. Basi nenda wewe. Najua hukutazamia jibu hilo: anayelewa ni yeye, kwa nini wewe ndiwe uende? Iko mikutano ya jamaa za walevi, iitwayo Al-Anon, ambayo Lois, mke wa yule Bill Wilson, alikuwa mmoja wa walioianzisha mwaka 1951. Huko hufundishwi mbinu ya kumwachisha mume pombe. Unasaidiwa kuacha kumfichia. Ile simu ya malaria, lile deni la mama pima unalolipa kwa pesa za karo, ndiyo yanayomfanya asione hasara ya ulevi wake. Hukumfanya wewe awe mlevi, la hasha! Lakini unaweza kuacha kumbebea mzigo wake.

Kama anakupiga, mambo ni mengine. Usidhani kiapo cha ndoa kinakuamuru ukae upigwe. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1153, inamruhusu mwenye ndoa kuondoka iwapo mwenzake anamhatarisha yeye au watoto, na hatari ikiwa ya papo hapo hangoji ruhusa ya askofu. Namba ya 1195 hupokea simu za waliopigwa nyumbani, usiku na mchana.

Siku atakapokubali kwenda, usimwandalie hotuba wala usiwatume watoto wakachungulie kama ameingia kweli. Akirudi kimya, mpe chakula. Usimuulize alisema nini huko. Muulize tu mkutano mwingine ni lini.