Tusichome riwaya za mapenzi kabla hatujazisoma

Julai mwaka jana, baridi ya Songea ikiwa imekaza, kaka yangu alikuja kutoka Tunduru kutujulia hali. Binti yake anakaa kwangu hapa Majengo na wakati huo alikuwa ndiyo kwanza ameanza kidato cha sita. Siku ya pili, mtoto akiwa shule, kaka aliingia chumbani kwake kutafuta blanketi la ziada, akatoka na kitabu alichokikuta chini ya mto. Kilikuwa Vuta n'kuvute cha Adam Shafi. Alikifungua katikati, akasoma kama nusu ukurasa, akanyamaza, kisha akaelekea moja kwa moja kwenye jiko la mkaa.

"Kaka," nilimwambia, "shikamoo yangu umeipokea tangu jana. Leo nakuomba hicho kitabu na siku mbili tu. Tukishakisoma na bado ukaona kinafaa moto, kiberiti nitakiwasha mimi."

"Mimi nimeleta mtoto asome, nyinyi mnamfundisha mapenzi?" alinijibu. Lakini kitabu alinipa. Alikuwa na neno jingine moyoni ambalo siku ile hakulisema. Nitalieleza mbele.

Ndugu msomaji, katika nyumba zetu nyingi kusema tu "riwaya ya mapenzi" ni hukumu tosha. Baba hajaisoma, mama hajaisoma, na wote wawili wana hakika kuwa ni uchafu. Mtoto naye anaisoma, tena usiku, kwa tochi ya simu. Akikuta jambo la kumtatiza hana wa kumuuliza, maana akiuliza atakuwa amejitaja. Nionavyo mimi, hatari kubwa ipo hapo, kuliko hata kwenye kitabu chenyewe.

Mimi ni msomaji wa vitabu hivi tangu ujana, vipya na vya zamani, na sioni haya kulisema. Kisa cha Nabii Yusuf (a.s.) kimo ndani ya Qur'an, na Mwenyezi Mungu mwenyewe amekisifu. Ndani yake mna mke wa mkubwa mmoja aliyeshikwa na tamaa, milango iliyofungwa, na kanzu iliyochanwa kwa nyuma. Tamaa imetajwa wazi kabisa wala haikupambwa, na anayesoma anaona ilivyowapeleka watu fedheha na gerezani. Nami kipimo changu cha riwaya nakichukua hapo. Mapenzi kutajwa kitabuni hakunitishi. Ninachotazama ni kama mwandishi anasema kweli kuhusu gharama yake, na nani anayeilipa.

Kwa kipimo hicho vitabu vya zamani vinanipendeza zaidi, na vingi kati yake vimeandikwa na Waislamu, juu ya nyumba za Waislamu. Chukua Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka 1972. Mwinyi, mzee mwenye mali, anamtaka Bahati. Bahati anampenda Idi. Na Idi, kijana wa watu, anachokipenda zaidi ni mali ya Mwinyi. Nani asiyemjua Idi mmoja mtaani kwake? Chukua pia Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya 1980. Bwana Maksuudi ni mtu mkubwa mbele za watu na dhalimu ndani ya nyumba yake. Binti yake Maimuna anafungiwa ndani mpaka hajui dunia ilivyo, na siku anapotoka anaangukia mikononi mwa watu wa kumtumia tu.

Tusidhani haya ni yetu peke yetu. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) ni ya nyumba ya Kikristo kule Ukerewe. Baba yake Rosa, Zakaria, anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na msichana anakua bila kujua hata namna ya kuzungumza na mwanamume. Akifika shuleni, mbali na fimbo ya baba, anaanguka. Kitabu hicho kilipigwa marufuku mashuleni kwa kusema mambo waziwazi mno, kisha baadaye kikarudishwa na kufundishwa. Sijui waliokipiga marufuku walikuwa wamekisoma mpaka mwisho, maana baba yeyote akikimaliza ataanza kujitazama yeye kabla ya binti yake.

Vitabu hivi vimeendelea kuchapwa tena, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya shule. Utengano imesomwa sana sekondari za Kenya, na Vuta n'kuvute imekuwa miongoni mwa riwaya za kidato cha tano na sita hapa kwetu, jambo ambalo kaka yangu hakulisadiki mpaka nilipomwonesha daftari la mtoto. Lakini nina lalamiko. Huku kwetu Songea mara nyingi kinachopatikana kwa urahisi ni vijitabu vya uchambuzi, vyenye majina ya wahusika na orodha ya dhamira. Mwanafunzi anakariri kuwa Maksuudi ni "mnafiki", anapata alama zake, na hajawahi kukaa na Maimuna hata jioni moja.

Vipi hizi mpya? Ziko nzuri. Mfadhili ya Hussein Tuwa ni hadithi ya Gaddi Bullah na Dania, ambamo mapenzi yanapimwa na maradhi, na nimeona vijana wakiisoma bila kulazimishwa na mwalimu. Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon, dada yetu wa Zanzibar, ilipata tuzo ya Mabati-Cornell mwaka 2018. Ninayo shida na zile za vipande vipande. Zamani tulizifuata kwenye magazeti ya mitaani, za akina Eric Shigongo, kila toleo likikatikia pale moyo unapodunda ili ununue lijalo. Sasa zimehamia kwenye simu. Sehemu za mwanzo unapewa bure, utamu ukikolea unaambiwa utume pesa kwa namba fulani ndipo upate zinazofuata. Biashara ni biashara, sina ugomvi nayo. Ila ona inavyoiathiri hadithi yenyewe. Ikiwa kila sehemu lazima ikatikie kwenye mshituko, hakuna nafasi ya mtu kukaa na kujuta.

Na jambo moja limenishangaza baada ya kusoma nyingi za aina hiyo. Wapenzi wa humo hawana jamaa. Msichana hana mjomba wala shangazi, hakuna walii, hakuna mahari, hakuna jirani anayeona. Anatokea tajiri mwenye gari jeusi, anamwokoa, basi. Binti anayelishwa hayo kila usiku atamngoja mwenye gari, na akija mwenye baiskeli mwenye dini yake hatamwona. Naona haya yana madhara kuliko zile kurasa mbili tatu za aibu tunazozipigia kelele.

Wenzetu nao wamepita hapa. Kano, kaskazini mwa Nigeria, wanawake wa Kihausa wameandika riwaya nyingi za mapenzi na ndoa, zinazouzwa sokoni. Mwaka 2007 gavana wa huko, Ibrahim Shekarau, alishiriki hafla ya kuzichoma moto hadharani. Uandishi haukukoma. Indonesia walikwenda njia nyingine. Habiburrahman El Shirazy, aliyesoma Al-Azhar, mwaka 2004 alitoa Ayat-Ayat Cinta, kisa cha mwanafunzi wa Kiindonesia mjini Cairo, mapenzi na dini vikiwa pamoja, na kitabu kikauzwa kwa wingi mno mpaka kikatengenezewa filamu.

Narudi kwa kaka. Macho yake usiku hayaoni vizuri, kwa hiyo baada ya swala ya Isha nilimsomea mimi, yeye amejifunika shuka, chai pembeni. Nakiri kuna kurasa nilizoziruka. Sitadai kuwa Vuta n'kuvute ni kitabu cha maadili. Mna ulevi na ngoma za usiku mtaani Ng'ambo, na Yasmin na Denge hawakungoja kadhi. Lakini kisa kinaanza mapema kuliko hapo. Yasmin ni binti wa Kihindi wa miaka 15, na wazee wake wamemwoza kwa Bwana Raza, muuza duka wa umri wa baba yake. Hakuulizwa. Anamkimbia mumewe, anarudi Unguja, na jamaa zake wanamfukuza. Anayempokea ni shoga yake Mwajuma. Yote yanayofuata, mabaya na mema, yanatokea kwa sababu mlango wa kwao ulifungwa.

Hapo kaka aliniambia, "Hebu simama kidogo."

Nilidhani amechukizwa. Alikaa kimya kitambo, kisha akaanza kunieleza habari ya Khansaa bint Khidham, swahaba wa Kiansari, aliyeozwa na baba yake bila ridhaa yake, akaenda kushtaki kwa Mtume (s.a.w), na Mtume akaivunja ndoa ile. Kaka amesoma chuo kunishinda, alikuwa anaijua habari hiyo tangu utotoni. Akaniuliza sheria ya nchi inasemaje. Nikamwambia Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi, Mahakama Kuu mwaka 2016 ikasema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019.

"Huyu wetu amekwishapita umri huo," alisema.

"Wetu yupi?"

Ndipo aliponitolea lile neno. Mfanyabiashara mmoja wa korosho, mtu wa makamo, mwenye mke tayari, alikuwa ameleta posa, na kaka alikuwa amekwisha kuitikia kwa kichwa. Safari ya Songea ilikuwa ya kuja kunipa taarifa mimi. Mtoto mwenyewe alikuwa hajaambiwa lolote.

Asubuhi alimwita. Mimi nilitaka kuondoka, akanizuia. Akamweleza yote, kisha akamuuliza anasemaje. Binti aliinamisha kichwa kwa muda mrefu, mpaka nikadhani kaka atauchukua ukimya ule kuwa ndiyo ridhaa, maana ndivyo tulivyozoea. Kaka hakuuchukua. Alimngoja.

"Baba," mtoto alisema mwishowe, "naomba nimalize mtihani kwanza. Na huyo sitamtaka hata nikimaliza. Unisamehe."

Kaka alitoka uani na simu yake. Sikusikia aliyoyasema, ila alirudi amekasirika, akala uji wake bila kuzungumza, na keshoye alfajiri nilimsindikiza stendi. Kitabu cha mtoto alikuwa amekitia ndani ya mkoba wake. Aliniambia anataka kujua kama Yasmin alipatana na jamaa zake. Hajakirudisha mpaka leo, na binti ilibidi tumtafutie kingine.